Kabla ya Kuchora Skrini, Mtazameni Mtu

Mwaka 2024 kaya za Tanzania zenye mita za Luku, zile za kulipia umeme kabla, zilitakiwa kufanya jambo jipya. Mtu alinunua umeme kwa simu kama kawaida, lakini badala ya fungu moja la tarakimu 20 akaletewa mafungu matatu, na maelekezo kwamba ayaingize kwa mpangilio: la kwanza, la pili, kisha la tatu lenye umeme wenyewe. Jumla tarakimu 60. Kenya nako wateja wa Kenya Power walipitia hayo hayo. Katika nyumba nyingi ilikuwa kazi ya watu wawili: mmoja ameshika simu anasoma kwa sauti, mwenzake amesimama mbele ya mita anabonyeza, na simu ikizima skrini katikati ya fungu wanaanza kuulizana wamefika wapi.

Sababu ilikuwa ya kihandisi, na ilikuwa ya kweli. Kila tokeni ya mita za aina hii hubeba alama ya wakati ilipotolewa, ili isitumike mara mbili. Alama hiyo huhesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengewa ni biti 24, ambazo haziwezi kupita dakika 16,777,216. Hesabu ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024, popote duniani penye mita za kiwango hicho, ambacho chimbuko lake ni Afrika Kusini. Ili mita ianze kuhesabu upya ilibidi ipewe ufunguo mpya, na ufunguo huo haukuenea kwenye tokeni moja. Ndiyo maana yakaja mafungu mawili ya ziada.

Mimi hufundisha wanafunzi wa chuo misingi ya usanifu wa violesura, yaani sehemu ile ya kifaa au programu ambayo macho na vidole vya mtu hukutana nayo. Huanza na hadithi hiyo ya mita, kwa sababu kila aliyeketi darasani ameishika mita hiyo kwa mkono wake, na kwa sababu inaonyesha safari nzima ya uamuzi wa kiufundi. Wahandisi wachache walikaa mahali wakaamua alama ya wakati ichukue biti ngapi. Miongo mitatu baadaye uamuzi wao ukafika kwenye kidole cha bibi mmoja Temeke ambaye miwani yake imepasuka, anayebonyeza tarakimu ya 43 huku mjukuu akimsomea. Hakuna aliyemkusudia mabaya. Lakini yeye ndiye aliyelipa gharama, na mwanafunzi anayetaka kutengeneza vitu vya watu anapaswa kuiona gharama hiyo kabla hajajifunza kuchagua rangi.

Na rangi ndizo wanazokuja nazo. Wanafunzi wa mwaka wa tatu huingia darasani wakiwa tayari wanaijua Figma, programu ya kuchorea violesura, kuliko wengi wanaowafundisha. Wamejifunza kwenye YouTube usiku, kwa bando la kuungaunga, na kazi zao zinapendeza: pembe zimeviringwa, vivuli laini, picha za vijana wanaotabasamu. Nawaheshimu kwa bidii hiyo. Hata hivyo, ukiuliza skrini ile imetengenezwa kwa ajili ya nani, jibu linakuwa “watumiaji”, na ukiuliza watumiaji gani, darasa linanyamaza. Kwa hiyo mwanzoni mwa semista kompyuta hubaki kwenye mabegi.

Kazi ya kwanza ni kwenda kutazama. Mwanafunzi anachagua mahali ambapo watu wanatumia kifaa: mita ya umeme nyumbani kwao, kibanda cha wakala wa fedha, mashine ya kutolea pesa, dirisha la kukatia tiketi stendi. Anaomba ruhusa. Kwa wakala anasimama mahali ambapo hawezi kuona namba ya siri ya mtu. Halafu anaandika alichokiona, na alichokiona tu. Haruhusiwi kuandika “alichanganyikiwa”. Anaandika: “alibonyeza 4, akarudi, akabonyeza tena 4, akamwita mwanawe.” Haruhusiwi kusaidia, wala kueleza.

Madaftari ya mwanzo hunisikitisha, na ninayatarajia. Yamejaa hukumu. Mzee huyu hajasoma. Mama huyu haelewi teknolojia. Watu wetu hawasomi maelekezo. Vijana hawa ni watoto wa mama hao hao, lakini chuo kimewafundisha kwa miaka miwili kwamba mashine iko sahihi na anayeshindwa ni mtu.

Hapo ndipo ninapowapeleka kwenye ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la anga la Marekani lilikuwa na balaa la ajabu: ndege za B-17 zilikuwa zinatua salama, kisha zikiwa bado zinakimbia ardhini rubani anakunja magurudumu na ndege inalala kwa tumbo. Maelezo yalikuwa ni kosa la rubani. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, aliangalia chumba cha rubani chenyewe. Kidhibiti cha magurudumu na kile cha vibawa vya kupunguzia mwendo vilikuwa vimekaa ubavu kwa ubavu na vinafanana. Rubani aliyechoka, macho yake yakiwa mbele, alikuwa anashika kimoja akidhani ni kingine. Tiba haikuwa kuwaadhibu marubani wala kuwapa kozi. Kiliwekwa kigurudumu kidogo cha mpira kwenye kidhibiti cha magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kwenye kile cha vibawa, ili mkono ujue bila jicho. Maumbo hayo yapo kwenye ndege hadi leo.

Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichambua taarifa 460 za yale yaliyokuwa yakiitwa makosa ya marubani katika kutumia vidhibiti. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa hilo hilo, la mtu kushika kidhibiti kimoja badala ya kingine. Baada ya somo hili nawarudishia wanafunzi madaftari yao, nawaomba wafute kila sentensi inayomhukumu mtu na badala yake waandike kifaa kilimwonyesha nini wakati ule, na kilimficha nini. Ni zoezi la saa moja tu. Kwa baadhi yao ndilo linalobadilisha kila kitu.

Tarakimu ishirini

Tokeni ya umeme inafundisha mengine mengi, na sioni kwa nini tuagize mifano kutoka mbali wakati hii ipo ukutani. Nawapa wanafunzi karatasi yenye tarakimu 20 zilizoandikwa mfululizo, wazinakili kwenye karatasi nyingine iliyobandikwa upande wa pili wa darasa. Kisha nawapa nyingine zilizotengwa nne nne. Tofauti huonekana kwa macho: kwenye fungu lisilotengwa watu hutembea huku na huko, wanarudi, wanapoteza mahali walipofikia. George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vipande saba hivi, na utafiti wa baadaye, hasa wa Nelson Cowan mwaka 2001, ukashusha idadi hiyo hadi karibu vinne. Mwanafunzi aliyetembea darasani akinong'ona “tatu, saba, sifuri, tisa” hahitaji kulikariri jina la Miller kwa ajili ya mtihani.

Halafu tunauliza maswali ya mita yenyewe. Ukikosea tarakimu ya 17, unaweza kufuta moja au unaanza upya? Mita inakuonyesha ulichokwisha kuingiza, au sehemu tu? Ikikataa, inakwambia kwa nini? Zipo mita zinazojibu kwa neno moja fupi la Kiingereza, na neno hilo hilo linaweza kumaanisha umekosea namba, au tokeni imeshatumika, au si ya mita hii. Kwa mtu aliyekaa gizani na watoto, hayo ni mambo matatu tofauti kabisa. La kwanza anarudia kuingiza, la pili hana haja ya kufanya lolote, la tatu anapiga simu. Mwanafunzi akishaona hivyo, ameelewa ujumbe wa kosa ni wa kazi gani, na hatasahau.

Kwenye kibanda cha wakala somo ni zito zaidi. Wanafunzi hurudi na jambo ambalo sote tunalijua lakini hatukulifikiria kama suala la usanifu: wapo wateja wanaompa wakala simu, na pamoja na simu wanamtajia namba ya siri. Matangazo yamesema kila siku usifanye hivyo. Mwanafunzi aliyetazama vizuri anajua kwa nini yanashindwa. Menyu ina ngazi nyingi, kila ngazi ina namba yake, kipindi kikikatika katikati unaanza mwanzo, foleni nyuma yako inasogea, na herufi za simu ya kitochi ni ndogo. Mtu huyo hatoi siri yake kwa uzembe. Ameletewa mlango mgumu, akamtafuta bawabu.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba msingi wa somo hili katika nchi zetu uwe menyu za fedha za simu, za *150*00# na nduguze, si programu za simu janja. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni hili: andika upya menyu ya kutuma fedha, kwa Kiswahili, kila skrini isizidi herufi 182. Hicho ndicho kikomo cha ujumbe mmoja wa aina hiyo, kwa sababu baiti 160 zinabeba herufi 182 na si zaidi. Hakuna rangi ya kukuokoa hapo, hakuna picha. Kuna maneno tu, na mpangilio wake.

Wanafunzi huanza na “Tafadhali ingiza kiasi cha fedha unachotaka kutuma”. Herufi 50, pamoja na nafasi. Baada ya kubishana wanafika kwenye “Unatuma kiasi gani?” ambayo ni 19, na ndivyo wakala angemuuliza mteja. Kisha wanabishana juu ya skrini ya kuthibitisha: jina la mpokeaji likae juu au kiasi kikae juu? Wanagundua kwamba mtu akishafika hatua ile vidole vinakwenda vyenyewe, kwa hiyo jambo linaloweza kuwa na makosa ndilo litangulie. Menyu nyingi siku hizi huonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha, na mstari huo mmoja unazuia vizuri zaidi fedha kwenda kwa mtu asiyejulikana kuliko fomu ndefu ya kuomba irudishwe. Hebu fikiria ni ada ngapi za shule zimenusurika kwa mstari huo.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia kwenye fedha za simu. Mwaka 2005, M-Pesa ilipokuwa inajaribiwa nchini Kenya na mamia ya wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, kusudi lake lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Waliokuwa wakiongoza mradi, Nick Hughes na Susie Lonie, walitazama watu wanafanya nini hasa. Watu walikuwa wanatumiana fedha. Mfanyabiashara alikuwa anaweka pesa kwa wakala wa mji mmoja kabla ya safari na kuzitoa mji wa pili baada ya saa chache, asije akaporwa njiani. Wengine waliitumia kama sefu ya usiku. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 iliachana na hesabu za mikopo, ikajikita kwenye kutuma pesa nyumbani. Ile picha iliyochorwa ofisini ilikuwa na akili nyingi ndani yake, lakini bila kuwatazama watu wale wachache wa majaribio ingebaki huduma ya kulipia marejesho.

Nguruwe kwenye kikoba

Baada ya kutazama ndipo tunachora, na tunachora kwa penseli. Kila skrini ni karatasi. Mtu wa majaribio anagusa karatasi kwa kidole, na mwanafunzi mmoja, ambaye ndiye “kompyuta”, anabadilisha karatasi bila kusema neno. Wanafunzi huona ni mchezo wa watoto hadi watakapofanya jaribio la kwanza. Faida yake kubwa ni kwamba karatasi haimtishi anayeijaribu. Mtu akionyeshwa kitu kilichokamilika na kung'aa atasema ni kizuri, kwa adabu. Akionyeshwa mchoro wa penseli anasema anachofikiri.

Nina mfano ambao huusimulia kila mwaka. Kikundi kimoja kilisanifu programu ya vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba. Mmoja wao, binti, akamwendea mama lishe anayeuza chakula nje ya chuo, ambaye ni mwanachama wa kikoba cha mtaani kwake. Akamwamkia, akaketi, akampangia karatasi kwenye meza ya plastiki.

“Mama, tuseme unataka kuweka mchango wako wa wiki hii. Ungegusa wapi?”

Mama akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” akasema, “huyu nguruwe wa nini hapa?”

Walikuwa wamechukua alama ya akiba kutoka mtandaoni, kibubu chenye umbo la nguruwe. Hakuna kati yao aliyewahi kuona kibubu cha namna hiyo nyumbani kwao. Vibubu walivyovijua ni vya mbao au vya kopo. Na nusu ya wanachama wa kikoba kile ni Waislamu. Lakini nguruwe alikuwa tatizo dogo, alifutwa kwa kifutio. Kubwa lilikuja baadaye, wakati binti alipokuwa amenyamaza kama alivyofundishwa na mama akaendelea kusema peke yake. Alisema pesa ya kikoba haiweki yeye, anaipeleka kikaoni. Kikaoni inahesabiwa mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. “Sasa hapa,” akauliza, “wenzangu wananiona nikitoa?”

Programu ile ilikuwa imempa mweka hazina peke yake uwezo wa kuingiza michango. Kwa mwanafunzi wa kompyuta huo ni mpangilio safi: mtu mmoja, jukumu moja. Kwa kikoba ni kuvunja kufuli mbili kati ya tatu. Sanduku lile ndilo kiolesura chao, limesanifiwa na watu wanaoijua tamaa ya fedha na thamani ya ushahidi wa macho, na kikundi changu kilikuwa kinakaribia kulibadilisha na kitu dhaifu zaidi. Waliporudi darasani walitupa karibu kila kitu. Mpangilio mpya ulianza na orodha ya majina, kila mchango ukiwa unathibitishwa na wanachama watatu kutoka simu zao, na simu ya kitochi ikiruhusiwa kushiriki kwa ujumbe mfupi.

Njia hiyo ya kumwomba mtu aseme anachofikiri huku akitumia kitu ilielezwa na Clayton Lewis akiwa IBM mwaka 1982. Ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya, kwa sababu kunyamaza ni kugumu. Mchoraji anaona mtu anatafuta kitufe ambacho kiko pale pale, na ulimi unamwasha. Nawaambia wanafunzi wakae kwenye viganja vyao. Tena kwetu kuna ugumu wa nyongeza: kijana kumnyamazia mtu mzima anayehangaika ni utovu wa adabu. Kwa hiyo lazima kwanza aombe radhi na kueleza: “Mama, nitakaa kimya, si kwamba nakudharau. Nataka kujua karatasi yangu imekosea wapi.” Maneno hayo tumeyatengeneza darasani kidogo kidogo, na sikuyakuta kwenye kitabu chochote cha Marekani.

Watu wangapi wanatosha? Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwa hesabu mwaka 1993 jinsi matatizo mapya yanavyopungua kila unapoongeza mtu wa kujaribu, na Nielsen akaja kuwaambia wasanifu kwamba watu watano wanafichua takriban asilimia 85 ya matatizo. Wanafunzi hulipenda jibu hilo kwa sababu watano wanapatikana bweni moja. Hapo nakuwa mkali. Hesabu ile inadhani watano hao wanatoka katika kundi litakalotumia kitu hicho. Wanachuo watano wa fani ya kompyuta, wote na simu janja, wote wamesoma Kiingereza hadi kidato cha sita, ni kama mtu mmoja aliyeulizwa mara tano. Watano wangu wawe na angalau mtu mmoja anayetumia kitochi, mmoja asiyesoma bila miwani, na mmoja ambaye mikono yake hufanya kazi ngumu.

Kuhusu mikono nitasema kwa kifupi. Paul Fitts yule yule wa marubani alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia shabaha hutegemea umbali na ukubwa wake. Mwongozo wa Android unataka kitufe kisipungue dp 48, karibu milimita tisa. Tunakwenda na rula sokoni Feri tukapime skrini zetu kwa vidole vya wauza samaki, vilivyolowa. Na saa sita mchana nawatoa wote nje ya darasa na simu zao, watazame maandishi yao ya kijivu juu ya nyeupe chini ya jua la Dar es Salaam. Uwiano wa 4.5 kwa 1 unaotakiwa na viwango vya kimataifa kati ya maandishi na mandhari yake hauna haja ya kuelezwa zaidi baada ya hapo.

Siku ya Therac-25

Kuna kipindi kimoja ambacho nakifundisha bila michoro. Therac-25 ilikuwa mashine ya Kanada ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 iliwapiga wagonjwa sita, nchini Marekani na Kanada, kwa vipimo vya mionzi vilivyopita kiasi kwa mbali, na baadhi yao wakafa kwa majeraha hayo. Ndani ya programu kulikuwa na hitilafu iliyojitokeza pale mhudumu mzoefu alipohariri data haraka. Vizuizi vya vifaa vilivyokuwepo kwenye mashine za awali vilikuwa vimeondolewa, kwa imani kwamba programu inatosha. Hayo ni ya ndani.

Kwenye skrini, mhudumu alichoona ni maneno “MALFUNCTION 54”. Kitabu cha mwongozo hakikumweleza hiyo 54 ni nini katika hali iliyokuwa mbele yake. Mashine ilikuwa na desturi ya kusimama kwa ujumbe wa namna hiyo mara kwa mara, bila madhara, na ilimruhusu kuendelea kwa kubonyeza herufi P. Kwa hiyo hospitalini Tyler, Texas, mwaka 1986, mhudumu alibonyeza P. Mgonjwa aliyekuwa chumba cha pili akapigwa mara ya pili.

Wanafunzi hukaa kimya. Mmoja kati yao ataajiriwa kutengeneza mfumo wa famasia ya wilaya, mwingine wa kliniki ya wajawazito. Nataka waondoke na swali moja la kujiuliza juu ya kila ujumbe wa tahadhari watakaouandika: mtu huyu ameshauona mara ngapi bila kitu kutokea? Tahadhari inayotolewa ovyo humfundisha mtu kubonyeza P.

Tatizo letu katika vyuo ni mtihani. Somo hili, pale lilipo, mara nyingi linawekwa mwaka wa mwisho, linafundishwa kwa slaidi, na swali la kwanza huwa “Taja kanuni 10 za Nielsen”. Kanuni zile za mwaka 1994 ni nzuri na ninazifundisha. Lakini nimekutana na vijana wanaozitaja zote bila kupumua, kisha wanatengeneza fomu ya maombi inayofuta kila ulichojaza kwa sababu umesahau tarehe ya kuzaliwa. John Gould na Clayton Lewis waliwahi kuwauliza mamia ya watengenezaji wa mifumo hatua za kusanifu, wakachapisha majibu mwaka 1985: kuwafahamu watumiaji mapema, kupima kwa vitendo, na kurudia kurekebisha, mambo ambayo kila mtu husema ni dhahiri, wengi hawakuyataja. Ikiwa wataalamu wenyewe hawakuyaweka akilini, karatasi ya mtihani haitayaweka.

Ningependa somo lihamie mwaka wa kwanza, kabla mazoea hayajaota mizizi, na nusu ya alama zitokane na daftari la kutazama na majaribio ya karatasi. Halihitaji maabara. Linahitaji karatasi za manila, penseli, na ruhusa ya mkuu wa idara kwamba darasa linaweza kufanyika kibandani kwa wakala. Utafiti nao upo karibu: mkutano wa kwanza wa Afrika kuhusu mwingiliano wa binadamu na kompyuta, AfriCHI, ulifanyika Nairobi mwaka 2016, na ninatamani mwanafunzi wa Dodoma au Mbeya asome kazi za Waafrika wenzake kabla ya miongozo ya kampuni kubwa.

Jambo la mwisho ninaloliomba linagharimu fedha kidogo, na kwa hiyo ndilo hunichukua muda mrefu kulipigania. Siku ya kuwasilisha miradi, mezani wanakaa wahadhiri watatu. Nataka kiti cha nne akae wakala wa fedha wa mtaani, alipwe posho sawa na ya mtahini wa nje, apewe karatasi ya alama kama wengine. Mtu huyu amewaona mamia ya wateja wakikwama kwenye menyu. Anajua ni neno gani linawasimamisha na ni hatua gani inawafanya wamkabidhi simu. Akishika karatasi ya mwanafunzi na kusema “hapa wateja wangu watanipa simu,” mradi huo urudi kurekebishwa, hata kama wahadhiri wote watatu wameupenda.